Mali na Heshima ya Kanisa ni Amana
(Somo: Matendo ya Mitume 3:1–10)



Siku ya sikukuu ya mavuno kijana mmoja wa darasa la kipaimara aliniuliza: "Mchungaji, Kanisa lina mashamba na nyumba za mabati, na wakubwa hutuketisha katika viti vya mbele. Je, tumestahili?" Wazee wakamkemea. Lakini mimi nalisema, Mwacheni, maana swali lake ni swali la Injili.

Tuwatazame Petro na Yohana mlangoni pa Hekalu. Kiwete anyosha mkono. Petro hana hata senti moja ya kumpa, wala haoni haya kwa umaskini wake. Ampa jina la Yesu, naye kiwete ainuka. Hazina ya Kanisa ndiyo hiyo. Vitu vingine vyote vimewekwa mikononi mwetu kwa ajili ya yule aketiye mlangoni.

Kanisa liliposahau jambo hili, lilianguka. Mwaka 1514 Albrecht wa Brandenburg, aliyekwisha kuwa askofu mkuu wa Magdeburg, alichaguliwa tena kuwa askofu mkuu wa Mainz. Gharama za kukipata cheo hicho zilikuwa kubwa, akakopa fedha kwa Wafugger, matajiri wa Augsburg. Ili deni lilipwe, barua za masamaha zikauzwa: nusu ya fedha ikaenda kwa matajiri wale, na nusu Roma, kwa ujenzi wa kanisa la Mtakatifu Petro. Maskini alitoa akiba yake akidhani ya kuwa amwokoa mamaye katika mateso; kumbe, alikuwa akilipa deni la cheo cha mtu! Ndipo Martin Luther alipotoa hoja zake 95, tarehe 31 Oktoba 1517.

Lakini, ndugu zangu, tusimcheke jirani. Hata waliopokea mafundisho ya Luther waliitamani mali. Mwaka 1536 Christian wa Tatu, mfalme wa Denmark, aliwafunga maaskofu akatwaa mali zao, apate kulipa madeni ya vita. Na huko Uswidi makasisi wa Kilutheri walikuwa na viti vyao katika baraza kuu la nchi hata mwaka 1866, wala Kanisa halikutengana na serikali ila mwaka 2000. Mali na vyeo vilibadili mikono tu. Mtego ulibaki ule ule.

Wala mimi sijitoi. Zamani naliitwa barazani, nikapewa kiti karibu na mkubwa mmoja aliyetusaidia mabati ya kanisa. Likaletwa shauri la mjane ambaye ndugu za mkubwa yule walimnyang'anya shamba. Nalijua haki iko upande gani. Nikayakumbuka mabati, nikanyamaza. Mjane akaenda zake mikono mitupu. Hata leo, mvua inyeshapo juu ya mabati yale, moyo wangu hunishitaki.

Basi, je, Kanisa lisiwe na kitu? Sisemi hivyo. Mgonjwa ahitaji dawa, na mtoto ahitaji shule. Lakini tusidhani ya kuwa vitu hivi ndivyo vinavyotusimamisha. Mwaka 1920 wamisionari Wajerumani waliondolewa Tanganyika, na serikali ya kabila lao ilikuwa imekwisha kushindwa. Waalimu na wazee wa Kiafrika wakabaki, wakaendelea kufundisha na kuwakusanya watu kwa sala, na sharika hazikufa.

Kwa hiyo yatupasa kushika haya. Hesabu ya sadaka na isomwe mbele ya usharika wote. Mavuno ya shamba la kanisa na yafike kwanza kwa mjane na yatima. Tena tukipewa kiti cha heshima, tukikalie kama watu waliotumwa kumsemea asiye na kiti. Na kama kiti kile chatufunga kinywa, tukirudishe kwa mwenyewe.

Kijana yule nalimjibu: "La, mwanangu, hatukustahili. Tumewekeshwa tu, na Mwenye mali atakuja kuuliza." Yeye alilazwa horini, akazikwa katika kaburi la mtu mwingine, naye ni Bwana wa vyote. Neema yake iwe nanyi. Amina.