Kuhusu Uchache wa Vitu

Kitu kilicho kichache na kitu kilichofanywa kuwa kichache ni vitu viwili mbalimbali. Kwa mnunuzi tofauti hiyo huonekana ndogo, na pengine kwake ni ndogo kweli. Kwa mtengenezaji ni kubwa. Nimeifikiria mara nyingi tangu mwaka 2018, wakati kikundi kimoja cha mafundi hapa Karatu kiliponiomba niwaandalie makadirio ya fedha. Walinijia mimi kwa sababu niliwahi kufundisha utunzaji wa vitabu vya hesabu, na katika mji wetu mtu akishaitwa Mwalimu huitwa hivyo hadi kaburini.

Wazo lao lilikuwa zuri. Karatu ipo njiani kuelekea lango la Ngorongoro, na magari ya watalii hupita hapa asubuhi na kurudi jioni. Wakazi wake wengi ni Wairaqw. Huko juu kuna Wamaasai na ng'ombe wao. Kusini-magharibi, kuelekea Ziwa Eyasi, wapo Wadatoga na Wahadzabe. Kila jamii ina ufundi wake na kila moja huuza peke yake kando ya barabara. Kikundi kilitaka kuukutanisha ufundi wa jamii tatu ndani ya kisanduku kimoja: bangili ya shaba kutoka kwa fundi Mdatoga wa upande wa Mang'ola, mkanda wa shanga wa mama wa Kimaasai, na kipande cha ngozi kilichotariziwa kwa namna ya zile sketi za ngozi za Kiiraqw za zamani, ambazo siku hizi ni rahisi zaidi kuzikuta katika makumbusho kuliko kiunoni mwa mtu. Vyote vitatu vibebe alama ya faru wa Ngorongoro. Seti ziwe 60, kila moja na namba yake, na ndani ya kila kisanduku iwemo kadi yenye maneno haya: "Hazitatengenezwa tena kamwe."

Kwa nini 60? Niliuliza, na jibu lilitoka kwa mwenye duka la vinyago aliyekubali kuziuza. Alisema seti 600 ni bidhaa ya kawaida, na seti 6 hazitoshi hata kupamba rafu moja. Sikuwa na hoja ya kumpinga.

Makadirio yenyewe hayakuwa magumu. Bangili iligharimu shilingi 14,000, mkanda 22,000, ngozi 24,000, kisanduku cha mninga chenye bawaba 15,000, kadi na kuchonga namba 3,000, na nauli pamoja na akiba ya vitakavyoharibika 7,000. Jumla ni shilingi 85,000 kwa seti, yaani 5,100,000 kwa seti zote 60. Bei dukani ingekuwa 150,000, na mwenye duka angechukua asilimia 30, yaani 45,000. Basi kila seti ingeleta ziada ya 20,000, na kazi nzima 1,200,000. Kwa kikundi cha watu wanane, hiyo ni ada ya shule ya mtoto, au bati za kibanda cha kufanyia kazi. Hapakuwa na anasa humo.

Tatizo lilikuja siku ya kutia sahihi. Mama aliyetunga shanga, ambaye sote tulimwita yeyo kwa heshima, aliomba asomewe ile kadi kwa Kiswahili cha polepole. Aliposikia neno "kamwe" akauliza kama linamhusu na yeye. Akaambiwa ndiyo, maana mpangilio wa rangi uliomo kwenye mkanda hautarudiwa. Akasema mpangilio ule alifundishwa na mama yake, na kwamba ana binti wawili. "Mimi nitawauzia mikanda 60," alisema, "lakini mkono wangu siwezi kuuapisha."

Kijana mmoja wa kikundi, aliyekuwa ameongoza watalii kwa miaka kadhaa, alimjibu kwa adabu lakini bila kuficha. Alisema: "Yeyo, mgeni halipii jasho letu. Analipia uchache. Mkanda kama huu unauzwa barabarani shilingi 10,000 kwa sababu kila mtu anajua kesho utakuwepo mwingine. Ukimwambia kesho hautakuwepo, ndipo anafungua pochi." Hoja hii isichukuliwe kwa wepesi. Maskini anayeuza kwa wingi hushindana na jirani yake maskini, na bei hushuka hadi mahali ambapo mtu anafanya kazi kwa ajili ya chai tu. Uchache wa kupangwa ni ukuta unaomkinga na ushindani huo. Wenye kiwanda hujenga ukuta kama huo kila siku, na hakuna anayewaita waongo.

Na si viwanda tu. Serikali nazo hufanya hivyo. Mwaka 1974 nchi yetu ilitoa sarafu maalumu katika mpango wa kimataifa wa kuchangia hifadhi ya wanyamapori: ya fedha ya shilingi 25 yenye twiga, ya fedha ya shilingi 50 yenye faru mweusi, na ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye duma, upande wa pili ukiwa na sura ya Mwalimu Nyerere. Hazikukusudiwa kununulia sukari. Zilikusudiwa kulala kwenye vikasha vya watu wa mbali wanaopenda kukusanya. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, zilifuata stempu za aina kwa aina zenye jina Tanzania, zikiwamo zenye wanyama wa katuni wa Walt Disney, na nyingi zikauzwa kwa wakusanyaji wa ng'ambo. Nyingi ya stempu hizo hazikupata kubandikwa kwenye barua hata moja kutoka Karatu. Ulimwengu mmoja uliazima jina la mwingine, na kila upande ukapata chake.

Lakini tazama nani anayeahidi. Serikali inapoahidi kwamba sarafu fulani haitapigwa tena, haipotezi kitu, kwa sababu itapiga nyingine. Mchora picha za chapa anapomaliza nakala zake hulikwaruza bamba ili lisitoe nakala zaidi, naye hupoteza bamba moja tu. Mchoro unaofuata bado umo kichwani mwake. Yeyo alitakiwa kuahidi kitu ambacho si bamba wala mtambo. Alitakiwa kufunga kitu kilichokuwepo kabla yake, na ambacho kinaishi kwa sababu moja tu: kurudiwa. Mpangilio wa shanga usiporudiwa na binti umekufa, hata kama mikanda 60 inang'aa ndani ya visanduku vya mninga huko Ulaya. Thamani ya kitu cha kukusanywa inatokana na kutorudiwa, na uhai wa jadi unatokana na kurudiwa. Tulikuwa tumevitia vitu viwili vinavyopingana ndani ya kisanduku kimoja, na hesabu zangu hazikuwa na mstari wa kuonyesha hilo.

Sisemi kwamba jadi haibadiliki. Shanga zenyewe za kioo zilikuja kwa biashara kutoka Ulaya; nyingi zilitengenezwa katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Mama za Kimaasai walizipokea wakazifanya zao. Hata faru kwenye mkanda alikuwa jambo jipya, na yeyo hakusita kumtunga. Kubadilisha alikukubali, na kukoma ndiko alikokataa.

Kuhusu huyo faru, hapana budi niseme neno, kwa sababu ndiye aliyenitia shaka zaidi kuliko mkanda. Katikati ya miaka ya 1960 mtafiti John Goddard aliwatambua faru weusi zaidi ya 100 katika Kreta ya Ngorongoro, mmoja mmoja kwa alama zake. Ukaja ujangili wa miaka ya 1970 na 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliobaki hawakuzidi 20. Faru jike aliyeitwa Fausta, aliyekufa Desemba 2019 akikadiriwa kuwa na umri wa miaka 57, aliishi kupitia kipindi chote hicho. Huu ndio uchache halisi. Hakuna aliyeuandika kwenye kadi. Na soko liliufanyia nini? Kadiri faru walivyopungua, pembe ilizidi kuwa ghali, na mtu aliyeficha pembe ghalani akawa na sababu ya kufurahia kila mzoga mpya. Hapo ndipo mapenzi ya vitu vichache yanapofika yasipozuiwa: mwenye navyo hufaidika kwa kupotea kwa vingine.

Wakusanya stempu wana hadithi inayofanana na hiyo. Ipo stempu ya Guyana ya Kiingereza ya mwaka 1856, ya senti moja, ambayo imebaki moja tu duniani. Mwaka 2014 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 9. Inasimuliwa, bila kuthibitika, kwamba Arthur Hind, tajiri aliyeinunua mwaka 1922, aliletewa stempu ya pili iliyo sawa na hiyo, akainunua pia kwa siri, kisha akaichoma moto mbele ya aliyeiuza ili yake ibaki peke yake. Iwe kweli au uzushi, kila anayeisikia huiamini mara moja. Hilo peke yake linatosha kunitisha.

Basi je, kadi yetu ilikuwa na hatia hiyo? Kwa kipimo, hapana. Hakuna mnyama ambaye angekufa kwa ajili yake. Hata hivyo ilimfundisha mnunuzi kupenda neno lile lile, "kamwe", na ilimfundisha chini ya picha ya faru, mahali ambapo neno hilo lilikaribia kuwa kweli kwa sababu ya kupendwa hivyo. Nilikiambia kikundi kwamba kwa maoni yangu sentensi ile ifutwe, na badala yake iandikwe: "Zilitengenezwa 60 mwaka 2018," na majina ya waliozitengeneza yafuate. Hiyo ni kweli, na itabaki kweli hata binti za yeyo watunge mikanda mingine elfu. Kijana alininong'oneza, "Mwalimu, umetuua." Hakukosea sana.

Mwenye duka alipopata habari alisema bila neno "kamwe" hawezi kuuza kwa zaidi ya 110,000. Kwa hiyo sentensi moja ilikuwa na thamani ya shilingi 40,000 kwa seti, au 2,400,000 kwa zote. Katika maisha yangu ya hesabu sijawahi kuona sentensi iliyokadiriwa kwa usahihi kiasi hicho. Tukitoa asilimia 30 yake, yaani 33,000, kikundi kingebaki na 77,000 kwa kitu kilichogharimu 85,000: hasara ya 8,000 kwa seti, 480,000 kwa jumla. Ukweli ulikuwa unadai fedha ambazo wenye kuusema hawakuwa nazo, na mimi niliyeupendekeza sikuwa nikitarizi ngozi yoyote. Ni rahisi mstaafu mwenye pensheni kuwa mnyofu kwa gharama ya wengine, na nilitaka jambo hilo lisemwe wazi mbele ya kikundi kabla ya kupiga kura.

Tulirudi kwenye orodha ya gharama, mstari kwa mstari, usiku mzima karibu. Bangili, mkanda na ngozi havikuguswa, kwa kuwa kupunguza hapo ni kupunguza ujira. Kilichobaki ni kisanduku. Mninga na bawaba zake vilikuwepo kwa ajili ya lile neno. Kitu cha milele hutaka sanduku. Kitu cha mwaka 2018 kinaweza kukaa ndani ya kikapu kidogo cha ukindu. Kikapu kilipatikana kwa 4,000. Gharama ikashuka hadi 74,000, na ziada ikawa 3,000 kwa seti, jumla 180,000. Kura zilikuwa tano kwa tatu. Yule kijana alipiga ya kukataa, akabaki kwenye kikundi, na ndiye aliyeuza seti nyingi kuliko sote.

Sijui kama nchi yetu itafika mahali pa kumlipa fundi kitu chake kinapouzwa tena kwa bei kubwa. Ufaransa iliweka haki hiyo kwa wasanii wake mwaka 1920. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inazungumzia sanaa za jadi, lakini kutoka kwenye kitabu cha sheria hadi kwenye mkono wa yeyo ni safari ndefu kuliko ya Mang'ola wakati wa masika. Haki kama hiyo ingekuwapo, pengine ningemwelewa zaidi mtu anayeahidi "kamwe", kwa kuwa uchache ungemrudia yeye aliyejinyima.

Zile shilingi 180,000 ziligawanywa kwa wote wanane, 22,500 kila mmoja. Fundi wa bangili, ambaye katika mabishano yote hakusema lolote isipokuwa kwamba yeye hujawahi kumwona Mhadzabe akiuliza mshale wake ni wa ngapi, alikataa fedha taslimu. Aliomba tumtafutie makufuli mabovu na koki za maji zilizokufa, kwa sababu shaba ya kuyeyusha imeadimika sana siku hizi.