Nani Amwulize Mama Habari za Moyo Wake?

Mtu asimamaye Chimwaga, penye Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, yu karibu na Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015. Akienda mjini aweza kufika Mirembe, hospitali ya maradhi ya akili iliyopo tangu mwaka 1927. Wengi wetu tumezoea kuwaza kwamba huku ni kwa ajili ya mwili, na kule ni kwa ajili ya akili. Je, mwanadamu naye agawanyika hivyo? Swali hili si la matabibu peke yao. Ni swali la haki, na leo twaliuliza kwa ajili ya mama zetu waliokoma hedhi.

Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Wakati huo homoni za mwili hupungua, ndipo huja joto la ghafla, jasho la usiku na kukosa usingizi. Wengine hushikwa pia na wasiwasi, au na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Mara nyingi ndio wakati uleule ambapo watoto huhama nyumbani, mume hufariki, au wajukuu huletwa kulelewa.

Sasa mtazameni mama wa miaka 52, wa Bahi au Chamwino, aendaye zahanati. Alipokuwa akizaa, kliniki ya mama na mtoto ilimpokea na kumwandikia kadi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 itamhesabu kuwa mzee atimizapo miaka 60, na hapo dirisha la wazee litamfungukia. Katikati hapo hana mlango wake. Akisema kwamba halali usiku, hupimwa shinikizo la damu, akapewa vidonge, akarudi nyumbani. Habari za moyo wake hakuulizwa. Wala yeye hathubutu kuzitaja, maana jina la Mirembe tumeligeuza kuwa tusi, naye aogopa kuitwa mwenda wazimu.

Wako watakaosema, “Huo ni uzee tu, kwa nini kila chozi lifanywe ugonjwa?” Neno hili lina ukweli ndani yake. Si kila huzuni ni maradhi, na mama wengi hupita umri huo salama. Lakini nani atapambanua huzuni ya kawaida na maradhi, ikiwa hakuna aulizaye? Kumwambia mtu avumilie kabla ya kumsikiliza si hekima, ni kumkimbia.

Wala jambo hili si geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi yetu ilijaribu, katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, kuingiza matibabu ya akili katika huduma za kawaida za afya. Huko Zimbabwe, mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa Mbare, mjini Harare, kukaa benchini penye kliniki na kuwasikiliza waliolemewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Basi mwanamke mzee si wa kuhudumiwa tu; akifundishwa, yeye mwenyewe aweza kuwahudumia wengine.

Hatudai majumba mapya. Twaomba kwamba mezani pale apimiwapo shinikizo la damu, mama aulizwe pia kwa upole: Walala vizuri? Una jambo likulemealo? Waona bado furaha katika kazi zako? Na muuguzi afundishwe la kufanya akisikia jibu.

Nasi tulio nyumbani, waume na watoto, tusingoje zahanati. Tuanze sisi kuuliza, na tukisha kuuliza, tukae tusikilize.