Subira Si Kunyamaza

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baad.

Likizo iliyopita mama mkubwa alikuja kukaa nasi hapa Area 25, Lilongwe. Yeye anaishi katika kambi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa. Ana saratani ya titi, na safari za kutoka kambini kufuata matibabu zilikuwa zimemchosha. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsindikiza hospitalini.

Usiku mmoja, baada ya dripu, alitapika mpaka karibu na alfajiri, kisha akalia. Nikamwambia haraka, "Mama mkubwa, usilie. Huu ni mtihani, utakupa nguvu."

Akaniangalia. "Mwanangu, wengi wameniambia hivyo wakaenda zao. Wewe shika ndoo kwanza."

Nikaishika, na nikaona aibu.

Baadaye nilirudi kwenye Qur'an. Katika Suratul Anbiyaa, aya ya 83, Nabii Ayub (a.s.) anamlilia Mola wake kwa dhara iliyompata. Katika Surat Swaad, aya ya 44, Allah anamsifu kwa subira yake. Basi aliyelia ndiye aliyeitwa mwenye kusubiri! Nabii Yaaqub (a.s.) naye alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, lakini mashtaka yake aliyapeleka kwa Allah. Kumbe mwenye subira hulia pia, ila anajua kilio chake anakipeleka kwa nani.

Wanaosoma saikolojia watakutana na majina ya Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun. Mwaka 1996 walitoa kipimo cha ukuaji wa mtu baada ya msiba mkubwa, chenye sehemu 5: kuthamini uhai, ukaribu na watu, nguvu za nafsi, njia mpya za maisha, na mabadiliko ya kiroho. Wagonjwa wengi wa saratani wamesema waliyaona haya ndani yao. Lakini wataalamu hao wanaeleza kwamba ukuaji huo hauletwi na ugonjwa wenyewe. Huja mtu anapopambana nao, na maumivu yanaweza kubaki palepale. Basi tusimdai mgonjwa akue ili sisi tufarijike. Asiyeuona ukuaji huo hana kosa.

Mama mkubwa aliuona, kwa wakati wake. Alikuwa ameficha uvimbe miezi mingi kwa haya. Siku hizi, akiwa Dzaleka, huwaambia wanawake wenzake baada ya darsa: ukigusa uvimbe, nenda ukapimwe, usingoje uume. Amepatana na jirani waliyenuniana miaka. Aliniambia, "Saratani siishukuru. Namshukuru Allah, hakuniacha peke yangu."

Ndugu zangu, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutafuta dawa, na kumtembelea mgonjwa ni haki yake juu yetu. Ukienda, keti, sikiliza, uliza kama ana nauli, ana chakula, ana wa kumsindikiza. Mawaidha yatafuata, akiyataka.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, ukipokee kilio chao, na utujaalie tuwe mikono ya kuwashikia ndoo. Amin.

Wabillahi tawfiq.