Mwenye Kuweka Akiba, Je, Ni Mchoyo?



Katika mitaa yetu kuna neno moja linalochoma kuliko kisu. Neno hilo ni «mchoyo». Mama akitia kiraka katika kaptula ya mtoto badala ya kununua nyingine, majirani wanacheka. Baba akikataa kuwanywesha rafiki zake pombe siku ya mshahara, wanasema feza imemtia roho ngumu. Lakini yule anayemaliza mshahara wote kwa siku tatu anasifiwa: huyu ni mtu mwema, huyu ni mtu wa watu. Basi, tuulize bila haya: kutunza feza na vitu vya nyumba ni wema au ni ubaya? Mwenye kuweka akiba, je, hamnyimi ndugu yake?

Swali hili si la mchezo. Kwetu mtu hahesabiwi peke yake. Aliyesoma alisomeshwa na mjomba au na kaka mkubwa. Aliyeoa, mahari yake ilitoka katika mikono mingi. Kwa hiyo feza inayolala ndani ya sanduku, wakati jamaa mmoja analala na njaa, inatia watu mashaka. Wanaosema hivyo hawasemi upuuzi. Inafaa tuwajibu kwa heshima.

Tutazame kwanza utunzaji wenyewe. Wengine wanadhani ni desturi iliyoletwa na wageni. Sivyo. Kikwembe kinatosha kutufundisha. Kikiwa kipya kinavaliwa siku ya Mungu na siku ya arusi. Rangi ikianza kufifia, kinakwenda sokoni na shambani. Kisha kinabeba mtoto mgongoni. Kikipasuka, kinakatwa kuwa vitambaa vya mtoto mchanga, na kipande cha mwisho kinashikia sufuria ya moto. Hakuna aliyeandika sheria hiyo kitabuni, lakini bibi zetu waliijua na kuishika. Mafundi nao wanaijua. Wanakusanya vipande vya alumini vilivyotupwa, wanaviyeyusha, wanavimimina katika umbo la mchanga, na sufuria nyingine inatoka. Mpira wa gurudumu uliokwisha unageuka viatu. Kikopo kitupu kinakuwa kipimo cha mchele sokoni.

Akiba ya nyumba haianzii benki, inaanzia jikoni. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha yanaiva upesi, na makala yanabaki. Sufuria yenye kifuniko inachemka mapema. Makala ya mbabula yakizimwa mara chakula kinapoiva, yanawasha moto wa kesho. Sabuni iliyokatwa vipande na kukaushwa hewani inakuwa ngumu, haiyeyuki ovyo ndani ya maji. Kola ya shati iliyochakaa, fundi anaigeuza upande wa pili, na shati linapata maisha mengine. Haya ni mambo madogo, kweli. Lakini nyumba inayookoa franka 500 kila siku, kwa siku 30 ina franka 15.000, na kwa mwaka mzima franka 182.500. Mali hiyo haikutoka kwa tajiri yeyote. Ilikuwa inapotea ndani ya majivu na maji machafu.

Hapa mwingine atatukatiza: «Akiba ya nini? Feza yetu haina uaminifu!» Naye ana sababu. Mwaka 1967 zaire ilizaliwa: zaire 1 kwa franka 1.000, na thamani yake ilikuwa dola 2 za Marekani. Mwezi wa Desemba 1979 serikali ilifuta noti za zaire 5 na 10. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha, tena kwa kiasi kilichowekwa, na wengi walibaki na makaratasi mikononi. Mwaka 1993 zaire mpya 1 ilichukua nafasi ya zaire 3.000.000 za zamani. Mwaka 1998 franka 1 ya Kongo ilichukua nafasi ya zaire mpya 100.000. Fanya hesabu mwenyewe: franka 1 ya mwaka ule ilikuwa sawa na zaire 300.000.000.000 za zamani. Mzee aliyeficha noti chini ya kitanda kwa miaka 20 aliamka maskini bila kuibiwa na mtu.

Je, mambo hayo yanafundisha tule vyote leo? Hapana. Yanafundisha kwamba noti ni chombo dhaifu cha kutunzia jasho la mtu. Yaliyofuta noti hayakufuta mbuzi, wala cherehani, wala bati la nyumba, wala masomo ya mtoto. Tena hayakufuta ile akili ya kutengeneza kilichovunjika. Feza ikianguka, mwenye desturi ya kutunza anaumia. Lakini mwenye desturi ya kutawanya anaumia zaidi, kwa sababu hana hata kitu cha kutengeneza.

Sasa turudie swali letu. Uchoyo na utunzaji vinafanana kwa nje, kama vile magugu yanavyofanana na mtama yakiwa machanga. Wote wawili, mchoyo na mtunzaji, wanafunga sanduku. Wote wawili wanaokota msumari njiani. Papa Fransisko aliandika jambo hili mwaka 2015 katika waraka wake Laudato si': kutumia kitu tena badala ya kukitupa kunaweza kuwa tendo la upendo, ikiwa sababu yake ni njema. Tuyashike maneno hayo ya mwisho. Sababu ndiyo inayotenga. Basi kila mtu ajiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: natunza kwa ajili ya nini? Mtunzaji anaweza kujibu mara moja: kwa shule ya mtoto, kwa siku ya ugonjwa, kwa bati la nyumba. Mchoyo hana jibu. Anatunza kwa ajili ya kutunza. Feza yake haina safari, na yeye mwenyewe amekuwa mlinzi wake wa usiku. Ajabu ni hii: mharibifu naye anafanana na mchoyo. Mmoja anapenda feza ikiwa ndani, mwingine anaipenda ikitoka mbele ya macho ya watu. Hakuna hata mmoja anayemtazama mtoto atakayerudishwa kutoka shuleni.

Swali la pili: nani analipa akiba hii? Tuseme ukweli. Kuna nyumba ambamo mama anapunguza mafuta ya sombe, watoto wanapunguza bukari, lakini chupa ya baba haipungui hata kidogo. Kisha baba anajisifu: «Nyumba yangu inajua kuweka akiba.» Hiyo si akiba, ni kodi anayoitoza jamaa yake. Kuna pia yule anayemcheleweshea mtumishi wa nyumbani mshahara wake ili feza yake itimie. Huyo hakutunza mali yake, ameshika mali ya mwingine. Akiba ya haki inaanza na kile ninachojinyima mimi mwenyewe.

Katika swali hili tuweke pia afya. Kitu cha kale si chema kwa sababu tu ni cha bure. Bido iliyokuwa na dawa ya kuua wadudu wa shamba isitiwe maji ya kunywa wala mafuta ya kula, hata ukiiosha mara kumi. Mtoto asichezee betri iliyokwisha. Anayeokoa bei ya bido moja na kuleta sumu nyumbani, mtoto wake atalipa.

Swali la tatu ndilo gumu: sanduku langu linafunguliwa lini? Tuseme mama mmoja ameweka feza ya shule kwa miezi sita. Jioni moja mdogo wake anapiga hodi: «Yaya, mtoto ana homa kali, munganga anadai feza kwanza.» Afanyeje? Hapa hakuna hila ya kukwepa. Uhai unatangulia shule. Afungue sanduku. Mwaka wa shule unaweza kurudiwa, mtoto aliyekufa harudi. Lakini mdogo yule akirudi mwezi ujao: «Yaya, nataka nguo mpya za arusi ya rafiki yangu», mama ana haki ya kusema: «Mdogo wangu, hiyo sina», wala asione haya. Kukataa anasa ya mtu si kumkataa yeye mwenyewe.

Tena tuone jambo hili: mama yule aliweza kusaidia kwa sababu gani? Kwa sababu alikuwa ameweka. Huyo mtu wa watu tuliyemtaja mwanzoni, aliyenywesha mtaa mzima kwa siku tatu, usiku ule wa homa angetoa nini? Angetoa pole. Pole ni nzuri, lakini hainunui dawa.

Kuna watu waliokwisha kupata njia ya kutowaacha wenzao katika taabu hiyo. Katika Kivu na mahali pengine pa Kongo kuna vikundi vya kusaidiana vinavyoitwa MUSO. Wanachama wanakutana kwa siku iliyopangwa, na kila mmoja anatoa mchango wake mbele ya wote. Sanduku la kijani ni la akiba: feza yake inakopeshwa kwa wanachama wanaofanya biashara au kilimo, nao wanairudisha pamoja na faida kidogo. Sanduku jekundu ni la msaada: linafunguliwa kwa ugonjwa, kifo au msiba mwingine. Tazameni akili ya mpango huo. Ndugu mwenye shida amewekewa sehemu yake kabla hajabisha mlango. Mama akisema sanduku la kijani haliguswi, hasemi kwa roho ngumu, kwa sababu jekundu lipo. Hata nyumba moja inaweza kufanya hivyo kwa vikopo viwili juu ya kabati.

Basi tujibu. Mwenye kuweka akiba si mchoyo, ikiwa anajua sababu ya akiba yake, ikiwa analipa yeye mwenyewe, na ikiwa mlango wake una ufunguo. Akikosa hayo matatu, hata kiraka cha kaptula hakimwokoi.

Bwana wetu alilisha wanaume elfu tano kwa mikate mitano na samaki wawili. Aliyeweza kuongeza mikate kama alivyotaka, angeweza kuacha makombo kwa ndege. Lakini aliwaagiza wanafunzi wakusanye mabaki, kisipotee kitu, nao wakajaza vikapu kumi na viwili. Tuangalie ule utaratibu wake. Vikapu havikujazwa wakati watu bado wana njaa. Wote walikula kwanza, wakashiba, kisha mabaki yakaokotwa, wala hakuna aliyeona haya kuinama.