Nyimbo za Kioo

Msikilizaji, asubuhi hii huenda umeshapita mbele ya kioo. Umechana nywele, umeweka kola sawa, ukaondoka. Wanamuziki wao wamekaa mbele ya kioo hicho muda mrefu zaidi, na kila mmoja ameona mtu tofauti.

Lou Reed alitunga "I'll Be Your Mirror", Nico akauimba. Humo kioo ni mwandani: anamwonyesha mwenzake uzuri ambao mwenyewe hauoni.

Justin Timberlake, katika "Mirrors", aliona ndoa. Wazo lilitoka kwa babu na bibi yake, walioishi na kuzeeka pamoja.

Kisha kuna "Man in the Mirror". Siedah Garrett na Glen Ballard waliutunga, Michael Jackson akauimba, kwaya ya Andraé Crouch ikaupandisha juu. Wimbo unatazama njaa. Unatazama wasio na makazi. Unataka mabadiliko. Lakini haumtumi kiongozi, haumtumi jirani. Unamtuma yule anayejitazama.

Leo kazini kutakuwa na jambo linalohitaji kurekebishwa. Anayeusikiliza vizuri wimbo huo anajua nani aanze.