Kwani Aliniuliza?

Ndugu msomaji, uongo uko wa aina mbili. Upo ule wa kusema, ambao wengi wetu tulichapwa viboko kwa ajili yake tukiwa wadogo. Halafu upo ule wa kunyamaza, na huo hatukuchapwa hata siku moja; pengine tulisifiwa kwamba tuna adabu. Hebu leo tuulizane: mtu anauza kitu, anaujua ubovu wake, anakaa kimya kwa kuwa hakuulizwa. Je, amedanganya?

Mfano wangu nautoa mbali, Ujerumani, kwenye kitu ambacho mimi na wewe tunakiona zaidi kwenye kalenda za ukutani kuliko barabarani: gari la Porsche 911. Nimelichagua makusudi, maana mtaani tunaamini kwamba kitu cha bei mbaya hakina siri.

Toleo lililoitwa 996 lilizinduliwa mwaka 1997, na lilikuwa 911 ya kwanza yenye injini inayopozwa kwa maji. Kiwanda kilikuwa kimetoka kwenye ukata mwanzoni mwa miaka ya 1990, kikabana matumizi, hata vipuri vingi vikawa vilevile vya mdogo wake wa bei nafuu, Boxster. Ndani ya injini hiyo mna shafti ya kati. Kazi yake ni kupokea mzunguko kutoka kwenye krankishafti na kuupeleka, kwa cheni, hadi kwenye kamshafti zinazofungua valvu. Upande mmoja inazungukia kwenye beringi iliyofunikwa kwa sili, grisi yake ikiwa ndani. Miaka inapita, sili inachoka, oili inapenya, grisi inaoshwa, gololi zinaanza kusagika. Beringi ikivunjika shafti inayumba, cheni zinaruka meno, valvu zinagongana na pistoni. Basi, injini kwisha. Jana ilinguruma kama simba, leo ni chuma chakavu. (Zile za Turbo na GT3 zilikuwa na injini ya namna nyingine, habari hii haizihusu.)

Gari hilo lina maradhi mengine, lakini mengi yanajitangaza yenyewe. Sili ya nyuma ya krankishafti ikivuja, utaona doa la oili sakafuni. Radieta za mbele zikijaa majani mabichi na matope zikaoza, maji yatachuruzika. Mnunuzi mwenye macho, tena kaja na fundi wake, akishindwa kuona hayo, shauri yake. Ila beringi ile imejificha nyuma ya klachi. Mpaka ushushe giaboksi ndipo uifikie. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hapa ni mwenye gari.

Mabishano haya ni ya zamani kuliko magari yenyewe. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma aliandika kitabu juu ya wajibu, akaleta visa viwili. Cha kwanza: mfanyabiashara ametoka Aleksandria na shehena ya nafaka, amefika Rhodes kwenye njaa, naye anajua kwamba meli nyingine za nafaka ziko njiani. Aseme, au auze kwanza kwa bei ya njaa? Cha pili: mtu anauza nyumba ambayo yeye peke yake anajua kuwa mbao zake zimeoza na vyumbani mna nyoka. Aseme? Diogenes wa Babeli alitetea ukimya: kuficha ni kitu kimoja, kutosema ni kingine, na kwani nani kamlazimisha mtu kununua? Antipater alikataa katakata: mnunuzi ajue kila anachojua muuzaji. Cicero mwenyewe aliwatia hatiani wauzaji wote wawili.

Mimi kwenye nafaka nasita kidogo. Zile meli nyingine hazimo ndani ya gunia. Anayenunua gunia anapata gunia zima, lenye nafaka nzima. Nyoka, lakini, wamo ndani ya nyumba. Na beringi imo ndani ya gari. Ukinyamazia kilichomo ndani ya kitu unachouza, hujanyamaza tu. Umeuza kitu kingine kwa jina la kile.

Mshikaji wangu mmoja, msomi wa kijiweni, aliposikia hoja hii alicheka. "Sasa wewe ukisema yote, nani atanunua? Halafu hizo beringi nyingi si hazikuvunjika?"

Ni kweli, gari nyingi za aina ile zilitembea miaka na miaka bila kufa. Hapo ndipo swali linapokuwa gumu, maana muuzaji anaweza kujipa moyo: huenda hakuna kitakachotokea. Sawa bwana. Lakini kama ni jambo dogo, mbona unaliogopa kulitamka? Nadhani mizani iko hapa: ukijiuliza kwa nini unaliuza gari, na jibu la moyoni likawa "kabla halijanifia", basi jibu hilo ni mali ya mnunuzi. Unachomhamishia ni hofu yako, naye analipa akidhani ananunua usalama.

Wala usiseme kwamba wanunuzi wa magari hayo ni matajiri, waumie tu. Anayelinunua mkononi mwa mtu mara nyingi ni mtu wa kawaida aliyejinyima miaka. Bei ya gari la kifahari hushuka. Bei ya injini yake haishuki pamoja nayo. Kwa huyo, beringi moja ndogo inaweza kumeza akiba yote.

Huko Marekani wenye magari hayo walikwenda mahakamani, na kesi ikamalizwa kwa maafikiano mwaka 2013, ikihusu baadhi ya Boxster na 911 za modeli za 2001 hadi 2005. Kiwanda nacho, kwenye injini mpya za modeli ya 2009, kiliiondoa kabisa ile shafti ya kati. Lakini jambo lililonigusa zaidi ni la wauzaji wa kawaida. Leo mwenye 996 anayetangaza kwamba beringi ilishabadilishwa, na risiti ya gereji hii hapa, anauza vizuri kuliko anayekaa kimya. Ukimya wenyewe umegeuka dalili ya ubovu. Ilichukua miaka, na injini nyingi za watu, mpaka ukweli ukapata bei.

Mshikaji wangu bado hajakubali. Anasema mwenye njaa hana nafasi ya kuwa Antipater, na najua hatanii, maana ana pikipiki anataka kuiuza mwisho wa mwezi, na kodi ya chumba inamsubiri. Mimi nasema mnunuzi naye ana chumba chake na kodi yake. Wewe, ndugu msomaji, ungekuwa unaiuza wewe hiyo pikipiki, ungesema?