Baba, Weka Upanga Chini

Labda jioni moja hapa Eldoret umekaa na watoto ukawaonyesha katuni uliyoipenda utotoni: He-Man, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1983. Zamani ulitazama upanga na misuli. Leo, ukiwa mume na baba, unaona jambo jingine: shujaa huyo ana siri. Yeye ndiye mwanamfalme Adam, lakini baba yake, Mfalme Randor, hajui, naye humdhania mzembe.

Je, nyumbani kwako hakuna siri? Adam alificha nguvu zake. Wewe unaficha udhaifu wako. Pesa za mahindi zimekwisha, deni la karo limekua, nawe kila asubuhi unavaa koti na kutoka kana kwamba mambo ni shwari. Mkeo anakuona mkali, kumbe una hofu.

Adamu wa kwanza naye alijificha kati ya miti ya bustani (Mwanzo 3). Mungu alimtafuta, na kabla ya kumtoa bustanini akamvika nguo.

Siku ya ndoa hukuahidi kuwa shujaa. Uliahidi kuwa mwaminifu, siku njema na siku mbaya, na uaminifu haukai bila ukweli. Leo usiku, watoto wakishalala, mwambie mama watoto deni ni kiasi gani. Nawe mama, usimcheke, wala usilipeleke neno hilo kwenye Jumuiya. Kisha salini pamoja, hata kama ni Baba Yetu moja tu.